Lubunga, Ng'ambo ya Mto

Mtu aliyezaliwa Unguja na kulelewa katika Kiswahili cha mjini, akishika njia ile ile waliyoishika wazee wetu na misafara yao, yaani kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, kisha baada ya kuvuka Ziwa Tanganyika akaendelea mpaka Kasongo na Nyangwe na kuufuata mto Lualaba unavyoteremka kuelekea kaskazini, ataisikia lugha yake ikibadilika kidogo kidogo kwa lafudhi na sarufi, lakini hataikosa hata siku moja, mpaka afike mahali ambapo mto huo, ukiisha kupita maporomoko saba ya Boyoma, hutulia, ukageukia magharibi na kuanza kuitwa Kongo. Hapo ndipo ulipo mji wa Kisangani, na hapo ndipo Kiswahili kinapokutana na Kilingala. Mimi sikuishika njia hiyo ya miguu, bali nilishuka kwa ndege katika uwanja wa Bangboka kama wafanyavyo wasafiri wa zama hizi. Lakini tangu ujana wangu, nilipoyasoma maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye sisi sote tumemzoea kwa jina la Tippu Tip, nilikuwa na shauku kubwa ya kupaona mahali ambapo lugha yetu ilisimama na kukuta nyingine imekwisha kufika.

Kisangani ina mitaa mikuu sita, ambayo wenyewe huiita komini: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani yenyewe, na Lubunga. Mitano imekaa ukingo wa kulia wa mto, na Lubunga peke yake imekaa ukingo wa kushoto, wala hakuna daraja baina ya pande hizo mbili, hivyo mwenye haja ya kwenda huko hana budi kuvuka maji. Wenyeji wengi wa Makiso niliowaarifu kwamba nimekuja kwa ajili ya Lubunga walistaajabu, maana kwao huko ni ng'ambo tu, mahali pa makala na mihogo. Nami niliwaeleza kwamba mtu atafutaye kujua jinsi kaumu nyingi zinavyosikilizana ni lazima aende kwenye kivuko, kwa sababu sokoni na kivukoni watu hawana wasaa wa kujisingizia.

Mtumbwi tuliopanda ulikuwa mrefu, na mashine ndogo imefungwa tezini. Ndani yake mlikuwa na baiskeli zilizolazwa juu ya magunia matupu, kina mama na mabeseni yao, mbuzi wawili, wanafunzi wa chuo kikuu waliovaa mashati meupe, na bibi mmoja mkongwe aliyeshikwa mkono na mjukuu wake. Nahodha alitoa amri zake kwa Kilingala, kifupi kifupi, na kila mtu akatii, akahama upande huu au ule ili chombo kikae sawa. Wanafunzi walikuwa wakijadili mtihani wao kwa Kifaransa, lakini mmoja wao alipokanyagwa alilalamika kwa Kilingala, na aliyemkanyaga, ambaye alikuwa mama wa makamo mwenye kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa namna ya Waislamu, alimwomba radhi kwa Kiswahili, na kijana akaupokea msamaha huo kwa Kiswahili hicho hicho bila ya kusita. Bibi mkongwe alisema na mjukuu wake kwa lugha ambayo sikuifahamu hata tamko moja. Jirani yangu akaninong'oneza kwamba ni Kimbole, lugha ya watu wa upande wa Opala. Mjukuu alimsikiliza bibi yake kwa adabu, na kila alipomjibu alimjibu kwa Kilingala.

Jirani yangu huyo, kijana mwenye kazi ya kuendesha baiskeli ya abiria, ambazo huko huitwa toleka, alinisikiliza nilivyokuwa nikizungumza, kisha akaniuliza, "Papa, unatoka Goma?" Nikamjibu kwamba natoka mbali zaidi, natoka Zanzibar. Akafikiri kidogo, akasema, "Kule kwa Tippu Tip." Hakulisema kwa chuki, wala hakulisema kwa furaha, alilisema kama mtu anavyotaja mahali alipopasoma darasani na ambapo babu zake pia walimsimulia. Lakini mimi niliona kwamba kijana huyo alikuwa amenipa jukumu, na kwamba haijuzu kwa mtu wa pwani kuyasifu mafanikio ya lugha yake katika nchi hii bila ya kuitaja bei waliyoilipa wenyeji.

Basi na niitaje. Kiswahili kilifika hapa pamoja na pembe za ndovu na minyororo. Watu wa misafara walikuwa wamekwisha kufika katika maporomoko haya pale msafiri Stanley alipoacha kituo cha Wazungu katika kisiwa cha hapo mwaka 1883, na mwaka 1887 yeye mwenyewe, alipokuwa Zanzibar, alifunga mkataba uliomfanya Tippu Tip kuwa liwali wa mahali hapo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mkataba wa watu wawili wenye nguvu juu ya nchi ya watu wa tatu ambao hawakuulizwa. Baina ya 1892 na 1894 pande hizo mbili ziligeukiana, vita vikapiganwa kando ya Lualaba, na utawala wa watu wa pwani ukaondoka; lakini lugha haikuondoka. Walioibakiza ni watu weusi wa nchi hii hii, waliochukuliwa utotoni, wakasilimu wengine wao, wakavaa kanzu, wakajiita Wangwana, na Kiswahili chao wageni wakakiita Kingwana. Nasaba zao zingalipo Kisangani mpaka leo, na adhana ya alfajiri niliyoisikia kutoka ng'ambo ile ni urithi wao.

Kilingala nacho kilipanda kutoka chini ya mto. Asili yake ni lugha ya wafanyabiashara Wabobangi wa mto wa kati, ambayo baada ya kuja dola ya Leopold ilichukuliwa na mabaharia, na askari, na vibarua wa vituo, ikabadilishwa na vinywa vya watu wa kila kabila. Kisha mapadri wa shirika la Scheut waliokuwa Nouvelle-Anvers wakaitengeneza, na Egide De Boeck akaitolea sarufi mwaka 1904. Yuko mtu mmoja ambaye kwangu mimi anaibeba habari yote hii katika maisha yake, naye ni mmishenari Mwingereza John Whitehead, ambaye mwaka 1899 alichapisha sarufi na kamusi ya Kibobangi, na baada ya kuhamia Wayika, kando ya Lualaba, akachapisha mwaka 1928 kitabu cha kufundishia Kingwana. Mtu yule yule, mto ule ule. Alipokaa chini aliandika ya chini, na alipokaa juu aliandika ya juu. Baina ya Wabobangi na Wayika pana Lubunga.

Wala si kwa bahati tu kwamba pana Lubunga. Meli zitokazo Kinshasa hupanda takriban kilomita 1,700 za maji, na zikifika hapa haziwezi kuendelea kwa sababu ya maporomoko. Kwa hiyo Wabelgiji walijenga reli kutoka ukingo huu wa kushoto mpaka Ponthierville, ambayo leo huitwa Ubundu, mwendo wa kilomita 125, wakaifungua mwaka 1906. Huko Ubundu abiria alipanda tena meli mpaka Kindu, na kutoka Kindu reli nyingine, na tangu 1915 njia hiyo ilifika Ziwa Tanganyika, ambako baadaye abiria aliweza kuvuka mpaka Kigoma na kupanda treni ya Dar es Salaam. Lubunga basi ni kiungo: bidhaa zilishushwa kutoka meli ya Kilingala zikapandishwa katika treni ya Kiswahili, na wapagazi waliozibeba hatua hizo chache walijua zote mbili kabla ya mwanachuoni yeyote kuandika kwamba hapa ndipo mpaka ulipo. Nilikwenda kuitazama stesheni. Reli zimezungukwa na majani, na mabehewa mengine yameliwa na kutu, lakini mzee mmoja aliyefanya kazi hapo ujanani mwake alinitajia majina ya vituo vyote mpaka Ubundu kwa sauti ya mtu anayesoma uradi, na akaniambia kwamba katika zamu yake ripoti zilikuwa kwa Kifaransa, matusi kwa Kilingala, na kuagana kwa Kiswahili.

Soko la Lubunga nililikalia asubuhi nzima, katika kibao nilichopewa na mama mmoja muuza samaki, ambaye alikubali nimtazame akifanya kazi kwa sharti kwamba nisimzibie wateja. Mbele yake palikuwa na samaki wa kukaushwa kwa moshi, waliokunjwa kwa duara na kuchomwa kijiti mkia na kichwa vikutane, na pembeni lituma, yaani ndizi zilizotwangwa na kufinyangwa madonge, zilizofunikwa kwa jani. Mteja alipokuja, mama alimtazama usoni kwanza, kisha akamwita. Kwa aliyefika kutoka mjini na viatu vya kufunika, alianza kwa Kilingala. Kwa mzee wa kanzu, alianza kwa Kiswahili, na ngeli ya watu akaitamka "batu" kama watamkavyo wote wa huku. Kwa mama aliyeshuka na kikapu cha mgongoni kutoka njia ya Opala, alianza kwa Kimbole, na hapo sauti yake ilishuka na maneno yakazidi wingi, maana habari za nyumbani ziliingia katika bei. Bei yenyewe ilitajwa kwa Kifaransa kwa wote, kwa sababu hesabu ilifundishwa shuleni kwa lugha hiyo. Na ilipotokea kwamba amekosea kumkisia mteja, hakungoja kusahihishwa: alisikia jibu lake la kwanza, na sentensi ya pili ikawa imekwisha kuhamia upande wa mgeni. Nilimwuliza ni ipi kati ya lugha hizo iliyo yake. Akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Zote ni zangu, Papa. Ile ya mama ni Kimbole, lakini zote banalipa."

Nimekaa katika miji mingi ambayo watu wake wanajua lugha mbili na tatu, na aghalabu nimeona kwamba mwenye cheo hubaki katika lugha yake na mnyonge ndiye anayevuka kumfuata. Kule Lubunga nililoliona kwa wingi ni muuzaji na mnunuzi, kila mmoja akijaribu kumfikia mwenzake, hata nyakati nyingine wakapishana njiani, huyu akija kwa Kiswahili na yule akienda kwa Kilingala, wakacheka na kuendelea. Hiyo ni heshima iliyofunzwa kwa desturi, wala hapana sheria iliyoiamrisha. Patrice Lumumba, aliyekuja mji huu kijana akafanya kazi katika ofisi ya posta, alitoka katika desturi kama hii. Kitetela kilikuwa lugha ya mama yake, na kwa Kifaransa, Kilingala na Kiswahili aliweza kuwahutubia watu wa majimbo mbalimbali bila ya mkalimani, na kwa rai yangu hilo ni sehemu ya sababu iliyomfanya awe kiongozi wa nchi nzima pale ambapo wenziwe wengi walikuwa viongozi wa makabila yao.

Juu ya Walokele, ambao ni watu wa mtoni na ambao mitumbwi yao ndiyo inayoleta mihogo na samaki kutoka upande wa Isangi, ningeweza kuandika makala nyingine nzima. Lugha yao ina sauti ya juu na ya chini, nao waliichonga katika ngoma ya gogo, wakaweza kupeleka habari kutoka kijiji hadi kijiji kwa kupiga mdomo mmoja wa ngoma au wa pili. Na kwa kuwa maneno mengi mafupi hulingana kwa sauti, mpigaji hulirefusha kila neno kwa sifa na maelezo mpaka lisiweze kuchanganywa na lingine. John Carrington wa misheni ya Yakusu, aliyejifunza kuipiga yeye mwenyewe, aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha 1949. Leo simu ya mkononi imeinyamazisha ngoma hiyo, na niliowauliza Lubunga waliniambia kwamba walioweza kuipiga kwa ufasaha wamebaki wachache.

Lakini nisije nikamfanya msomaji adhani kwamba mahali ambapo watu wanasikilizana kwa lugha nyingi basi pana amani daima. Mwaka 1964, waasi waliojiita Simba walipoushika mji huu kwa miezi michache, Kiswahili kilikuwa lugha yao na Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi la serikali, na kwa muda lugha mbili za sokoni ziligeuzwa kuwa bendera. Mwezi Juni mwaka 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana kwa mizinga mjini humu kwa siku sita, na wenyeji wakafa kwa ugomvi usiokuwa wao. Na katika Lubunga hii hii, tangu Februari 2023, mzozo wa ardhi uliwasha fitina baina ya Wambole na Walengola, watu walioishi pamoja, waliooleana, waliouziana katika soko hilo hilo nililolikalia. Nyumba zikachomwa, roho zikapotea, na maelfu wakavuka mto kwenda kulala katika makambi ng'ambo ya pili. Wambole na Walengola wanavijua Kilingala na Kiswahili kwa pamoja. Lugha ya kushirikiana haikuwazuia wasigombane, kwa kuwa ugomvi ulikuwa wa ardhi, na ardhi haikatwi kwa maneno matamu. Lakini niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba waliookolewa na majirani waliokolewa baada ya kuita kwa lugha ambayo jirani aliielewa.

Jumapili nilikwenda na mwenyeji wangu kanisani, nami Mwislamu nikapewa kiti cha mbele kwa taadhima kubwa. Mhubiri alihubiri kwa Kilingala, na kando yake akasimama kijana aliyefasiri kila sentensi kwa Kiswahili, naye akiwa na moto kama wa mhubiri mwenyewe, hata ikawa khutuba moja inasikika mara mbili na watu wanaitikia mara mbili. Baada ya ibada shemasi wa kanisa hilo, mzee aliyesoma utotoni katika shule ya misheni, alitukaribisha kwake, na tulipokwisha kula akaniuliza swali ambalo inaonekana alikuwa nalo kwa muda mrefu. "Papa," akasema, "wewe umesoma. Wana wa Israeli walipotoka katika mataifa yote na kurudi, kila mmoja na lugha ya alikotoka, walisikilizanaje?"

Nilimweleza kadiri ya elimu yangu. Nikamwambia kwamba Kiebrania, ambacho kwa muda wa karne nyingi hakikuwa lugha ya mama wa mtu yeyote bali lugha ya sala, na ya vitabu, na ya barua za wanavyuoni, kilifufuliwa kwa azma ya watu; na kwamba mmoja wao, Eliezer Ben-Yehuda, alifika Palestina mwaka 1881, na mwanawe alipozaliwa mwaka 1882 akamlea asisikie lugha nyingine nyumbani. Nikamweleza jinsi mwaka 1913 walimu na wanafunzi walivyogoma kwa sababu chuo cha ufundi kilichokuwa kikijengwa Haifa kilikusudiwa kufundisha kwa Kijerumani. Na jinsi mwaka 1922 Kiebrania kilivyowekwa rasmi pamoja na Kiingereza na Kiarabu chini ya utawala wa Waingereza. Kisha, dola ilipoundwa mwaka 1948, wakaja watu kutoka Poland na Romania wenye Kiyidishi, na kutoka Iraq, Yemen na Morocco wenye Kiarabu chao, na kutoka nchi za Mediterania wenye Kiladino, yaani Kihispania ambacho babu zao walikibeba walipofukuzwa Hispania mwaka 1492; na baadaye wakaja kutoka Ethiopia wenye Kiamhari na Kitigrinya, na kutoka nchi zilizokuwa za Muungano wa Kisovieti katika miaka ya 1990 watu waliokaribia milioni moja. Wote wakatiwa katika madarasa ya Kiebrania, na wana wao wakakisema kama waliozaliwa nacho.

Shemasi alifurahi, akasema ni muujiza. Nikamwambia kwamba ni jambo kubwa kweli, na kwamba kutokana nalo Myemeni na Mpoland waliweza kuoana na kusomana. Hata Anton Shammas, Mpalestina, aliandika riwaya yake ya 1986 kwa Kiebrania na kukipanua. Lakini iko habari ya pili ambayo ni haki iambatane na hiyo ya kwanza. Katika miaka ya mwanzo ya dola hiyo waigizaji wa Kiyidishi walizuiliwa kuonyesha michezo yao. Watoto wa Wairaqi walimwona bibi yao akisema Kiarabu ndani ya basi wakaona haya, kwa kuwa Kiarabu kilikuwa lugha ya adui. Na mwaka 2018 sheria ikakiondolea Kiarabu daraja yake ya lugha rasmi, ijapokuwa karibu mtu mmoja katika kila watano nchini humo ni Mwarabu aliyekuwako tangu mababu. Samir Naqqash, mwandishi mzaliwa wa Baghdad, alikataa kuiacha lugha yake. Akaendelea kuandika riwaya kwa Kiarabu mpaka alipofariki mwaka 2004, katika nchi ambayo wengi wa majirani zake Wayahudi hawakuweza kumsoma. Nikamkumbusha shemasi pia juu ya Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes waliohamia Kongo hii hii, wakafanya biashara Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, na wakajenga sinagogi lao mwaka 1930: wenzao waliobaki kisiwani walichukuliwa na Wajerumani mwaka 1944 na karibu wote wakaangamizwa, hivyo Kiladino cha Rhodes kikabaki katika vinywa vya wachache waliokuwa mbali, baadhi yao katika nchi ya Waswahili wa Katanga.

Mzee yule alinyamaza, kisha akaniuliza, "Basi mabibi hao walikufa wajukuu wao hawawasikii?" Nikamjibu kwamba wengi ndivyo. Akatazama mlango uliokuwa wazi, ambako watoto walikuwa wakicheza na kugombana kwa Kilingala, akasema kwamba yeye ni Mmbole, na katika wajukuu wake hakuna hata mmoja awezaye kumwekea mezani kesi ya ukoo kwa Kimbole. Wao si wakaidi, ila hakuna aliyewafunza kwamba ile nayo ni lugha ya kusemea mambo ya maana.

Neno hilo nimelichukua kwa uzito. Sisi tupendao Kiswahili tumepata miaka ya furaha: UNESCO imeipa lugha yetu siku yake ya tarehe 7 Julai, Umoja wa Afrika umeipokea katika lugha zake za kazi mwaka 2022, na mwaka huo huo Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Nimeyashangilia hayo yote na ningali nayashangilia. Lakini nimewasikia wenzangu katika makongamano wakizungumza juu ya Kongo kana kwamba ni shamba lisilolimwa, linalongoja tu Kiswahili sanifu kije kikapandwe, na Kilingala kama gugu, na lugha ndogo za msituni kama majani yasiyohesabiwa. Hao nawaomba wakae asubuhi moja na muuza samaki wa Lubunga. Kiswahili hakikuja huku kwa usafi, wala hakina haki ya kudai peke yake nchi iliyokwisha kukipa nafasi kwa hiari yake. Kiebrania kilikuwa na udhuru ambao sisi hatuna, maana waliokihuisha walikuwa watu waliofukuzwa kila mahali, wakitafuta mahali pa kusimama. Na hata wao hasara waliyoipata wajukuu wao sasa wanaililia, wakifungua madarasa ya Kiyidishi na Kiladino vyuoni ili kujifunza kwa kitabu kile ambacho bibi angewapa jikoni. Sisi tumeyaona hayo kabla hatujayatenda. Kiswahili cha Kisangani na kiwe lugha ya kumfikia jirani, kikae na "batu" zake bila ya kuchekwa na watu wa Unguja, na kisimnyang'anye mtoto wa Kilengola njia ya kurudi kwa babu yake.

Kabla ya kuondoka nilizuru shule moja ya msingi, ambayo darasa lake la kwanza linafundishwa na mama mmoja Mlengola, aliyevuka mto na wanawe wakati wa fitina na kurejea baada ya hali kutulia. Sheria ya elimu ya 2014 inaagiza kwamba lugha za taifa au lugha za mahali zitumike kufundishia, na kwake yeye sheria hiyo ilileta mashaka yasiyokuwa na jibu jepesi, kwa kuwa darasani mwake wamo watoto wa Kimbole na wa Kilengola, wa Kilokele na wa Kikumu, wengine wakilala na Kilingala na wengine na Kiswahili. Nilimwona akisimulia kisa cha sungura kwa Kiswahili, akakirudia kwa Kilingala, kisha akauliza maswali na kuruhusu kila mtoto ajibu atakavyo. Na mtoto alipojibu kwa Kimbole, ambacho yeye anakijua kidogo tu, alimwita mwanafunzi mwingine afasiri mbele ya wote, na mfasiri huyo akasifiwa sawa na aliyejibu. Nilimwahidi kwamba nitampelekea vitabu vya hadithi kutoka Zanzibar. Akashukuru, kisha akasema, "Vitabu vya Kiswahili tutapokea, Papa. Lakini bazee ba hapa bako na hadisi zao, na hakuna mtu ameziandika."

Mchana wa siku hiyo tulikwenda pamoja kwa mzee mmoja wa Kilengola, jirani yake, tukiwa na daftari la shule. Mzee alitaka kwanza kujua tutaandika kwa lugha ipi. Mwalimu akamjibu kwamba tutaandika kwa Kilengola kama atakavyosema yeye mwenyewe, na baadaye watoto wakubwa wa shule watafasiri kwa Kilingala na Kiswahili. Mzee akaridhia, ila akaweka sharti moja, kwamba daftari likijaa tusilifungie kabatini, bali tulipeleke kwa yule shemasi Mmbole wa kanisani, ambaye alikuwa akimjua tangu ujana wao katika kazi ya reli, na tumwambie kwamba sasa ni zamu yake.